Chemchemi Imeamkaje?

Mama yangu hajui kusalimia kwa kifupi. Ukimwambia "habari za asubuhi" ukitegemea akujibu "nzuri" uende zako, umekwisha, tafuta kiti ukae. Kwa lugha ya kwetu salamu ni ukaguzi kamili. Atakuuliza wewe umeamkaje, kisha waliolala chumba cha pili, kisha waliolala jikoni. Akimaliza ndani ya nyumba anatoka nje: mbuzi wameamkaje, njia ya shuleni imeamkaje, daraja la magogo, shamba la jirani, mteremko, chemchemi. Na kila ulichoulizwa sharti ukijibu, tena ukijibu kweli. Mbuzi akiwa anakohoa, unasema anakohoa. Ukijibu "wote wazima" ili yaishe, watu wa kwetu wanaanza kujiuliza una nini.

Nalisema hili mapema kwa sababu mimi sikuibiwa kazi na maadui wala sikurogwa, kama mashoga zangu wanavyodai. Nilisalimiwa tu.

Mimi ni mhazili. Kwa miaka kumi na minane nimekaa nje ya mlango wa Mkuu katika ofisi ya wilaya, mlango ambao haufungiki mpaka uuchomeke karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilipokea simu, nilitunza mafaili, niliandika mihtasari ya vikao na kuchapa barua. Mkuu mwenyewe hajui kuchapa. Anasimama nyuma ya kiti chako, mikono mgongoni, anasema na wewe unaandika, na akikosea unamrekebisha kimyakimya, maana kuna wakubwa ambao hawapendi kujua walichosema. Printa yetu ilikuwa haitoi karatasi mpaka uigonge ubavu wa kushoto. Si wa kulia. Wa kushoto. Vitu kama hivyo nilivijua mimi peke yangu, na kusema kweli nilikuwa najiona.

Hakuna aliyejua kwetu ni wapi. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa watu wengine, nikachukua jina lake, nikachukua na lafudhi yake, na kila mtu pale akanihesabu upande huo. Sikudanganya, sikuulizwa tu, nikashukuru. Nilipokuwa darasa la pili mwalimu alinivalisha kibao shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani, nikazunguka nacho kutwa nzima mpaka nilipomkamata mwenzangu naye akiongea, nikamvalisha yeye. Tangu siku ile lugha yetu niliiacha mlangoni kama viatu vyenye tope. Nilikuwa naisikia vizuri, lakini kuijibu, hapana.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mwaka jana kampuni moja ya kokoto ilitaka kilima cha kwetu, na chemchemi iko katikati ya kilima. Mkuu akasimama nyuma ya kiti changu, nami nikachapa barua ya kuruhusu uzio. Barua ilisema kwamba wananchi wameshakubali katika mkutano. Mkutano wenyewe ulifanyika siku tisa baadaye. Nilijua, kwa sababu tangazo la mkutano pia nilikuwa nimelichapa mimi, lilikuwa bado liko kwenye meza yangu. Nikachapa hivyo hivyo. Sitajitetea. Nikagonga printa, nikagonga mhuri, nikaiandika kwenye rejista ya barua zitokazo, nikaenda kunywa chai.

Uzio ukawekwa. Akina mama wa kilimani wakaanza kuteka maji mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na zaidi kurudi. Mama yangu wakati huo alishahamia kwangu kwa sababu ya magoti, na kila akisikia habari hizo alikuwa anasema, "Huyo aliyeandika barua hiyo hana mama." Mimi niko palepale, nampimia dawa yake kwenye kijiko.

Basi nikawa naishi hivyo: ofisini wasijue mimi ni mtoto wa nani, na nyumbani Mama asijue nimechapa nini. Mengine yote ningeyaweza. Hayo mawili yakikutana, nilijua nitakosa pa kuweka uso.

Kilichoyakutanisha ni simu, na simu aliileta Chaji. Chaji ni mtoto wa kaka yangu, yuko chuo, tukamwita hivyo kwa sababu akiingia nyumba ya mtu hata hajasalimia anatafuta soketi. Alimpa bibi yake simu yake ya zamani yenye ufa kwenye kioo, akamfundisha kitu kimoja tu: bonyeza hapa, ongea, achia. Akamwingiza kwenye kundi la watu wa kilimani. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi kabla ya chai Mama alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda, simu ameishika mbele ya mdomo kama kipande cha tikiti, anasalimia kijiji kizima. Dakika saba. Wakati mwingine tisa. Mimi pia nilikuwa kwenye kundi hilo, lakini nilizima mlio, na sauti za Mama sikuzifungua hata moja. Nani ana dakika saba za asubuhi? Si niko naye nyumba moja?

Vijana wa kilimani walikuwa wameshajaribu kulalamika mitandaoni kwa lugha ya wote. "Rudisheni maji yetu." "Nani aliuza kilima?" Wawili wakaitwa kituoni, wakaambiwa wafute mbele ya askari, wakafuta. Wengine wakatishika, pakawa kimya. Halafu asubuhi moja Mama akasalimia kama kawaida yake, akafika kwenye chemchemi, akauliza, "Na chemchemi imeamkaje?" Mama Mkubwa, dada yake aliyebaki kijijini, akajibu kama inavyotakiwa kujibu: "Chemchemi imeamka kifungoni, dada. Tumeichungulia kwenye nyaya. Inatusikia, haiwezi kutufikia."

Chaji akachukua sauti hizo mbili, akaweka na picha ya uzio, akaposti. Hakuandika malalamiko wala jina la mtu. Salamu na jibu lake, basi.

Jamani, ikasambaa! Watu wa kwetu kumbe wamejaa kila mji, wamejificha kama mimi. Walianza kujitokeza kwenye komenti, wanaandika lugha ambayo hakuna aliyewahi kufundishwa kuiandika, kila mtu na herufi zake, hapa mmoja kaandika neno kwa herufi nne na mwingine kwa tisa, na wote wanaelewana. Dereva mmoja wa lori aliandika, "Sijaisikia sauti hii tangu bibi yangu afariki. Nimesimamisha gari pembeni, nalia kama mjinga." Muuguzi mmoja akasema kazini wanamwita kwa jina lisilo lake na hajawahi kuwasahihisha, kesho atawasahihisha. Ikawa kila asubuhi Chaji anaposti salamu ya Mama ya siku hiyo, mtu anauliza kwa kilugha, "Na chemchemi imeamkaje?" na mamia wanajibu, "Kifungoni." Hakuna tusi. Hakuna jina la kiongozi. Utamshitaki nani kwa kuamkia?

Wenye lugha nyingine nao wakaingia, kila mtu kwa yake. Soko letu limeamkaje? Limeamka limebomolewa. Zahanati yetu imeamkaje? Imeamka haina dawa. Chaji alikuwa ananisomea haya huku anaruka, na mimi nafunga madirisha.

"Unataka bibi yako afungwe?" nilimwuliza.

"Shangazi, kuna sheria gani inakataza kuuliza hali?"

"Wewe subiri tu. Wakikosa sheria wanaitunga."

Mama mwenyewe hakuona ajabu yoyote. Chaji alimwambia, "Bibi, watu elfu arobaini wamekusikiliza." Mama akafikiri kidogo, akauliza, "Na waliojibu ni wangapi?" Alipoambiwa kama elfu sita hivi, alisikitika. Alisema watu siku hizi wamekosa adabu.

Nilijaribu kumzuia bila kumwambia sababu, na hilo ukilifanya kwa mama yangu unajitafutia aibu. Nikamwambia, "Mama, punguza salamu kidogo." Akasema, "Kwani zinajaza simu?" Nikaficha waya wa chaji nyuma ya kabati. Akaenda kwa jirani na magoti yale yale mabovu, akachajia huko, akarudi na habari za watoto wa jirani wote na ndoo ya mboga juu. Nikaurudisha waya mahali pake, nimenuna.

Jumatatu kukawa na kikao ofisini. Yupo kijana tunayemwita Bwana Mtandao, kazi yake ni kukaa na kompyuta na kuangalia watu wanasema nini. Akaonyesha ukutani: komenti kurasa kwa kurasa, zote kwa lugha yetu. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona lugha ya nyumbani kwenye ukuta wa serikali, na moyo ulinipasuka paa.

"Wanaongea kwa kilugha ili tusiwaelewe," Mkuu akasema. "Huyu bibi ndiye kiongozi wao. Nani hapa anaijua lugha hii?"

Afisa ardhi akaangalia kalamu yake. Afisa kilimo akakohoa. Mimi nilikuwa naandika muhtasari, kichwa chini, na mkono wangu ukaandika: *Hakuna anayeijua.* Muhtasari huo upo mpaka leo kwenye faili, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mkuu akasema Alhamisi ataleta mkalimani kutoka makao makuu. Sauti ikishatambuliwa, bibi huyo atachukuliwa akahojiwe. "Tujue anatumwa na nani."

Kutumwa! Mama yangu hata dukani hatumwi.

Siku tatu hizo sikulala vizuri wala sikula vizuri. Nilipanga kumpeleka Mama kwa binamu yetu mji wa mbali, nikaogopa ataniuliza kwa nini, nikaacha. Alhamisi asubuhi niliondoka mapema bila hata kukaa mezani. Nilimpita mlangoni kwake akiwa ukingoni mwa kitanda, simu mdomoni, akaniinulia mkono nisubiri kidogo. Sikusubiri. Nilisema tu "nimechelewa" kwa lugha ya ofisini na nikatoka, na mvua ilikuwa inaanza.

Mkalimani hakuja. Alipiga simu kwamba tumbo limemshika, na kwa jinsi alivyokuwa anaongea nahisi tumbo lake lilimshika baada ya kusikiliza ile sauti. Mkuu akakasirika. "Sisi wenyewe tutaisikiliza. Huenda yupo anayeijua sauti hii, hata kama haelewi maneno. Weka ya leo, kwa sauti kubwa."

Bwana Mtandao akachomeka spika, ile tunayotumia kwenye sherehe za kuwaaga wastaafu. Na Mama akaingia kwenye chumba cha mikutano.

Sijui niwaelezeje. Sauti yake niliijua ya jikoni, ya kuniita nifunge dirisha. Pale ilijaa chumba kizima, imetulia, haina haraka na mtu. Akauliza watu, akauliza mbuzi kwa majina yao, akauliza daraja kama gogo la tatu bado linayumba. Akafika kwenye chemchemi. Akaiuliza polepole, kama anavyoulizwa mgonjwa. Hawa watu walikuwa hawaelewi hata neno, na bado wote walikuwa wameinamia spika. Nilishika kalamu, nikajikaza kisabuni, nikasema moyoni, sasa atamaliza, sasa itazimika.

Haikuzimika. Mama akavuta pumzi, akaendelea, na ndipo niliposikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia, kwa sababu sikuwahi kufungua hata moja.

"Na binti yangu aliye ofisini," Mama alisema, "kitinda mimba wangu, ameamkaje? Leo ameondoka bila chai, na koti la mvua limebaki msumarini. Ninyi mlio na simu nzuri, mkimwona mwambieni arudi alichukue. Namsalimia kila siku mwisho wa salamu zangu. Hajajibu bado, msimlaumu, kazi ya pale ni nyingi. Siku moja atajibu. Mwanangu, umeamkaje?"

Hakuna mtu wa kwetu anayeweza kuulizwa hivyo akakaa kimya. Mnaweza kusema niliamua, kwamba nilipiga moyo konde, nikawa shujaa. Si kweli. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nilisimama, kalamu ikaanguka, nikasema kwa sauti, kwa lugha yetu, mbele ya wote: "Nimeamka, Mama. Nimeamka vibaya, lakini nimeamka."

Spika ikazimika. Watu wote walikuwa wananitazama.

"Mhazili," Mkuu akasema. "Umesema nini?"

"Nimemjibu mama yangu, Mheshimiwa."

"Mama yako yupi?"

Nikaonyesha spika. "Huyo."

Basi wakaniambia nitafsiri, nikatafsiri yote, sikuruka hata mbuzi. Nilipofika kwenye koti la mvua, afisa ardhi akacheka akaziba mdomo, na afisa kilimo, mtu mzima na kitambi chake, akatoa leso. Bwana Mtandao alikuwa anaandika, akaacha kuandika.

"Na chemchemi?" Mkuu akauliza. "Hapo kuna ujumbe gani?"

"Anauliza imeamkaje."

"Anauliza kwa nini wakati anajua?"

"Kwa sababu kwetu mgonjwa unaendelea kumuulizia mpaka apone."

Mkuu akawatoa wote nje. Tulipobaki wawili hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Alionekana amechoka. Akasema itabidi anisimamishe kazi, nimeficha taarifa, nimedanganya kwenye muhtasari. Nikamwambia ni kweli. Akasema barua itolewe leo hii. Nikamwambia sawa. Tukatazamana. Halafu wote wawili tukakumbuka kwamba hajui kuchapa.

Nikaenda kukaa kwenye kiti changu. Akaja akasimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Andika: kwa kosa la kuficha lugha yako."

"Hilo kosa halimo kwenye kanuni, Mheshimiwa. Niandike kuficha taarifa?"

"Andika hivyo."

Nilimrekebisha makosa mawili bila kumwambia. Nikagonga printa ubavu wa kushoto. Akatia saini, nikagonga mhuri, nikaiandika kwenye rejista ya barua zitokazo, na kwenye sehemu ya aliyeipokea nikatia saini mimi mwenyewe. Nikiwa naifunua rejista ile nikaiona tena ile barua ya uzio, namba yake na tarehe yake. Sikuipiga picha wala kuichana. Nilikuwa naikumbuka bila kuiangalia.

Nilipobeba mkoba wangu Mkuu akaniuliza, "Huyo mama yako, anasalimia hivyo kila siku?"

"Kila siku."

Akachezea ile karatasi ya mlangoni. "Hatachukuliwa," akasema. "Lakini mwambie chemchemi asiitaje."

"Mpigie umwambie mwenyewe, Mheshimiwa. Ila uwe na nafasi. Atakuuliza na wa kwako wote."

Alitaka kukasirika, akashindwa. Nikatoka. Huko nje mvua ilikuwa imekazana nami sina koti, nikaloa mpaka kwenye mifupa, nikafika nyumbani hata saa saba haijafika.

Mama alikuwa dirishani kwenye mwanga, anashona kifungo. Akaniangalia maji yananichuruzika sakafuni, akafungua mdomo anisute. Nikamwahi. Nilimsalimia kwa lugha yetu, salamu kamili, kuanzia mwanzo.

Sindano ilimtoka. Miaka zaidi ya thelathini hajaisikia kwangu. Hakuuliza nimerogwa na nani wala kwa nini nimerudi mchana. Alikaa vizuri, akavuta kanga yake, akanijibu, kisha akaanza kunisalimia yeye. Nilikuwa natafuta maneno kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Neno la daraja lilinipotea, nikaonyesha kwa mikono, akanipa, nikalishika. Alikuwa anatabasamu mpaka machozi yanamlenga, na mimi nilikuwa naona kabisa tunakoelekea, na sikuwa na njia ya kukwepa.

"Na chemchemi?" akasema. "Imeamkaje?"

Ningeweza kusema kifungoni, kama wote. Ilikuwa kweli. Lakini haikuwa kweli yangu.

"Mama, barua ya uzio niliichapa mimi."

Tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama halijaambiwa. Halafu likaondoka.

"Wewe."

"Mimi."

"Ulijua ni ya chemchemi yetu?"

"Nilijua. Na nilijua watu walikuwa hawajaulizwa. Barua ilitoka siku tisa kabla ya mkutano. Nimesimamishwa kazi leo, lakini si kwa hilo. Kwa hilo hakuna aliyeniuliza kitu."

Nampenda mama yangu kuliko mtu yeyote aliye hai, na dakika hiyo ningefurahi kama angenipiga. Hakunipiga. Alinyoosha mkono akanishika kidole kimoja, cha shahada, ninachochapia zaidi, akakitazama, akakiachia.

"Nimemtukana mtu huyo kila siku," akasema. "Na wewe unanipimia dawa."

"Ndiyo."

"Nimekasirika," akasema. "Nitakasirika siku nyingi, ujue." Kisha akachukua simu kitandani. "Lakini usiniambie mimi peke yangu. Walioulizia chemchemi wamo humu."

"Mama, kundi lile sasa lina watu—"

"Ninawajua waliomo. Ninawasalimia."

Akabonyeza, akanishikia simu mbele ya mdomo. Nikasema jina langu la utotoni na la baba yangu. Nikasema nilichokichapa. Nikasema namba ya barua na tarehe yake, na tarehe ya mkutano, na kwamba yote yameandikwa kwenye rejista ya barua zitokazo, rafu ya pili, mkono wa kushoto ukiingia. Maneno yalikuwa yanatoka yamevunjikavunjika, nusu yake ya kitoto, maana lugha yangu iliishia darasa la pili. Sikuomba msamaha kwa sababu sikujua neno lake. Mama akaachia kidole, ikaenda.

Tukakaa tunaitazama simu. Wa kwanza akasikiliza, wa pili, wa kumi, wa thelathini. Hakuna aliyejibu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda, maji bado yananidondoka, nikawaza kwamba sasa nimemaliza kuwapoteza wote, wa kule na wa huku. Mama hakunigusa, lakini pia hakusogea.

Ndipo Mama Mkubwa akajibu. Sauti yake ni kavu, nyuma yake kuku wanapiga kelele na watu wengi wanabishana.

"Nani huyo? Ni kitinda mimba? Loo! Mtoto, unaongea kama mgeni aliyepotea njia. Tumekukasirikia, usifikiri hatujakukasirikia, ukifika huku nitakufinya mpaka ukome. Haya. Tumekusikia. Lakini hiyo tarehe umeitamka haraka mno, na namba ya barua imemezwa na mvua. Rudia polepole, mwanangu. Hapa kuna mtu ameshika kalamu."

Mama akabonyeza tena, akanisogezea simu mdomoni. Nikarudia.